Akiba ya Vidole Vinne

Mimi na Mama Akiba tumeshonea chumba kimoja miaka kumi na mmoja, cherehani yangu dirishani, yake mlangoni. Jina hilo alipewa na wateja, na hawakumpa kwa mapenzi. Mpelekee kitambaa cha sketi ya shule, atakurudishia sketi yenye vidole vinne vya kitambaa vilivyokunjwa ndani, kila ubavu. Watu walinung'unika kwamba anawamalizia kitambaa. Yeye aliwajibu bila hata kuinua kichwa: "Mtoto haombi ruhusa kukua. Mwakani utakuja nikufumulie, utanishukuru." Mwakani walikuja kweli. Kushukuru sikusikia.

Ana binti mmoja tu, wa miaka kumi na mitano, tuliyemwita Kasuku. Akitoka shule alikuwa anakaa kwenye stuli katikati ya cherehani zetu, anatusaidia kutoa nyuzi, na mdomo hauna likizo. Mara ngapi nilimwambia, "Hebu tupumzishe masikio, mwanangu!" Nikikumbuka najichukia.

Kisha ukaja uvimbe shingoni, na vipimo, na neno saratani. Daktari alisema inatibika: dozi sita za dripu, moja kila wiki tatu, na akaonya tusiruke hata moja. Tukafurahi kama wajinga. Hatukujua dawa nayo ina makali yake.

Dozi ya kwanza ilichukua nywele, na hilo Kasuku alilifanyia mzaha. Ya pili ilimletea vidonda kinywani, hata mate akawa anayameza huku amefumba macho. Ya tatu ilimtia ganzi kwenye ncha za vidole, na miguu ikamuuma hadi shuka likimgusa analia. Hapo ndipo alipoacha kuongea. Alilotaka kusema aliliandika kwenye daftari. Siku moja aliniandikia: "Mama mdogo, kijiko kina ladha ya misumari." Nikaenda kumtafutia cha mbao.

Tulimtandikia mkeka palepale chumbani mwa kazi, na mama yake akawa hatulii, anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Anachemsha maji ya chumvi ya kusukutulia; yakipoa kabla mtoto hajawa tayari, anachemsha mengine. Anaitia cherehani mafuta, anakumbuka kwamba harufu ya mafuta inamtapisha mtoto, anayafuta, anafungua mlango. Upepo unaingia, miguu ya mtoto inauma, anafunga mlango. Kasuku akaandika herufi kubwa ukurasa mzima, akauinua juu: KAA. Mama akakaa. Nilihesabu moyoni, sikufika kumi, akawa amesimama tena.

Sasa sikia habari ya sketi. Kasuku alikuwa haendi kwenye dripu ila na sketi yake ya shule, maana alisema yeye hajaacha shule, amechelewa tu. Lakini alikuwa anakonda, na sketi ikaanza kumvuka. Mama yake akaibana, akazidi kukunja kitambaa ndani, kama kawaida yake. Baada ya dozi ya tatu ile mikunjo ikawa minene, ikamkandamiza mifupa ya nyonga hadi ngozi ikachubuka. Mtoto hakusema. Mama aliona alama siku ya Ijumaa alipokuwa akimwogesha.

Mchana huohuo nilimwona akiishika sketi kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyomletea mtoto ugonjwa. Akapitisha mkasi ubavu wa kulia, akapitisha wa kushoto, akaacha nusu kidole. Vipande vikaanguka kwenye gunia la mabaki. Mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Mimi ninayefungua mdomo kwa kila kitu, siku hiyo niliufunga. Kesho yake gunia likachukuliwa, kama kila Jumamosi, likapelekwa kwa fundi makochi anayejazia mito.

Jumatatu Kasuku aliichukua sketi kwenye kamba, akaigeuza ndani nje. Mtoto wa fundi huangalia ndani kwanza. Akaja nayo hadi kwenye cherehani ya mama yake, akailaza pale, na baada ya siku nyingi za ukimya akaongea.

"Umekata."

"Ilikuwa inakuchubua, mwanangu."

"Hujawahi kumkatia mtu." Kila neno lilimuuma, tuliona. "Hata yule mteja aliyekutukana, hukumkatia. Kama wewe huoni kwamba nitanenepa, Alhamisi naenda kwenye dripu kufanya nini? Siendi."

"Kitambaa kilikuwa kimechakaa, ndiyo maana—"

"Wee, usimdanganye!" Nilifoka. "Huyo si mteja."

Mama Akiba akaweka mikono mapajani. "Niliogopa," alisema. "Siku hizi naiona leo tu. Nilikata kwa ajili ya leo. Kesho sikuikumbuka hata kidogo."

Kasuku akaenda kulala kwenye mkeka, akageukia ukuta. Zilibaki siku tatu kufikia dozi ya nne.

"Maji yakimwagika hayazoleki," nilimwambia mama yake kwa sauti ya chini. "Kitambaa cha bluu cha shule kipo, robota zima. Mshonee mpya."

"Mpya si yake," akajibu, akatoka na mkasi ukining'inia shingoni. Nilimwita jirani amwangalie mtoto, nikamfuata mbio.

Fundi makochi alitupokea kwa kicheko. "Gunia lako? Ninayo tisa hapa! Shule zinafunguliwa, mafundi wote wameniletea bluu." Mama Akiba hakucheka. Alimwaga la kwanza sakafuni, kisha la pili. Alipofika kwenye mito iliyokwisha kushonwa, akachomoa wembe.

"Mama, huo ni wa mteja!"

"Nitaurudishia mshono. Tena utakuwa mzuri kuliko wako."

Tulikuwa tunatafuta wino. Mwaka jana kalamu ilimvujia Kasuku kwenye mfuko wa kulia, na doa likagoma kutoka hata kwa kufuliwa mara tatu. Magoti yaliniuma, vumbi la pamba likanijaa puani, nikawa nanung'unika waziwazi. Mto wa tatu ndio uliokuwa nalo: kipande kirefu, chembamba, doa limekatwa nusu. Cha kushoto hatukukipata. Tulipoondoka, fundi makochi alikuwa anaukagua ule mshono aliorudishiwa.

Mama Akiba alikiweka kile kipande mkononi mwa Kasuku. Vidole vyake havikuhisi kitu, kwa hiyo alikipeleka shavuni. Kisha akakivuta hadi kwenye sketi, akaunganisha nusu ya doa na nusu yake. Akaomba daftari, akaandika:

"Ukikunja, itaniumiza tena."

"Sikunji," mama yake akasema. "Naiachia yote, upana wake wote."

"Itaanguka."

Mama Akiba akaishika sketi kiunoni, akaipima kwa vidole. Kasuku akaandika tena, polepole kwa sababu ya ganzi: "Mikanda ya mabegani. Kama ya babu kwenye ile picha."

Nilicheka hadi machozi yakatoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mama Akiba alishona siku ile hadi jioni: ubavu wa kulia kipande chake cha zamani, kimepauka, wa kushoto bluu mpya, inang'aa. Mikanda aliitengeneza kwa kitambaa laini, akaitia sponji. Ukiniuliza kama ilipendeza, haikupendeza.

Alhamisi tulikwenda watatu. Sketi ilimzunguka Kasuku bila kumgusa popote, ingenitosha hata mimi. Muuguzi alikuwa anatafuta mshipa, akamtania ili asiitazame sindano.

"Haya, sketi ya dada yako hii?"

Kasuku alimeza mate, macho amefumba.

"Yangu," alisema. "Bado sijaifikia."

Muuguzi akaupata mshipa. Mama Akiba alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mfuko wake wa kushonea kutafuta kazi aliyokuja nayo, pindo za suruali ya mtu. Kasuku akamtazama. Mama akautoa mkono mtupu, akasukuma mfuko chini ya kiti, akakaa. Dripu ilichukua saa nne, na hakusimama hata mara moja.