Samaki wa Chini ya Kitanda

Tangu msiba nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni ule wa kubandika maji jikoni ukayasahau hadi sufuria inaungua. Mume wangu alikuwa na mwaka kaburini, nyuma ya nyumba kati ya migomba, nami nilibaki kijijini Kilema na mama yake, nikishuka Moshi kufundisha baiolojia na kupanda tena jioni.

Paa la maabara ya shule lilipoezuliwa kwa ukarabati, walimu tuligawana vitu tukavihifadhi nyumbani. Mimi nikaangukiwa na mkunga, yule samaki mrefu wa baharini, amejikunja ndani ya chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia asioze, mdomo wazi, meno nje. Nilimfunga kwenye kanga, nikapanda naye bodaboda, nikamsukumia chini ya kitanda. Kumweleza mama mkwe sikuwa na nguvu.

Jumamosi nilitoka kukata majani ya ng'ombe nikaikuta chupa uani, juu ya kigoda. Mama mkwe alisimama mbali nayo, fimbo mkononi, kanga kaikaza kiunoni.

"Shikamoo mama."

Aliielekeza fimbo kwenye chupa.

"Nyoka huyu unamlisha nini?"

Wa nje anaweza kucheka. Hapa kwetu mjane anayefuga nyoka chumbani hahitaji kesi ndefu: ndiye aliyemla mumewe. Angetamka hilo mbele ya ukoo, ningeondoka kihambani, kwenye shamba la ukoo, na begi moja, na kaburi la mume wangu ningeliona kwa kuomba ruhusa.

"Ni samaki, mama. Amekufa zamani. Ni wa shule."

"Samaki!" Maisha yake yote hajala samaki, wazee wengi wa huku juu walimhesabu kuwa ndugu wa nyoka, kwa hiyo nilikuwa nimejichongea. "Shemeji yako yuko njiani anatoka Himo. Utamweleza yeye."

Niliutupa mzigo wa majani nikaukalia. Nilitaka kupiga kelele, nikakosa hata pumzi ya kupigia. Basi nikafundisha, maana ndicho ninachoweza hata nikiwa hoi. Nikamwonyesha pezi linaloanzia kisogoni hadi mkiani, nyoka hana. Nikamwambia hakenui kwa hasira: asipofungua na kufunga mdomo, maji hayapiti kwenye matamvua, anakosa hewa. Mchana anajificha kwenye mapango ya mawe, macho yake mabovu, anawinda kwa kunusa. Na kooni ana taya nyingine, zinazochomoka mbele kuvuta mlo ndani.

"Mae!" akasema, akasogea kidogo. "Taya juu ya taya, halafu unasema si mchawi."

"Wapo samaki wadogo wanaoingia mdomoni humo kumsafisha meno. Hao hawaguswi."

Akainama kuichungulia chupa. "Na watoto wake?"

"Halei. Mayai yanaachwa majini. Kitoto kinatoka chembamba kama jani, unaona hadi upande wa pili, kinachukuliwa na bahari miezi na miezi. Mama yake hakijui."

Hilo lilimgusa pabaya. Aliketi kando yangu juu ya majani, polepole, akiegemea fimbo, tukamtazama yule samaki sisi wawili.

"Kwa hiyo huyu hakumla mwanangu."

"Hapana, mama. Ilikuwa figo. Ulikuwepo daktari aliposema."

"Nilikuwepo."

Pikipiki ya shemeji ilisikika ikipanda kilima. Alifika, akazima injini, akauliza nyoka yuko wapi, na mimi hakunisalimia.

"Nyoka gani?" mama akamjibu. "Huyu ni samaki wa shule. Chukua majani haya umpe ng'ombe, mwenzako amechoka."

Tulinyanyuka, shemeji akabeba mzigo akaelekea zizini. Nilidhani nitafurahi. Lakini mama alikuwa analia, bila sauti, machozi yakifuata makunyanzi.

"Nilipomwona chini ya kitanda nilifurahi," akasema. "Nikasema, kumbe ndiye huyu. Sasa mwanangu, nimchukie nani?"

Nilimshika mkono. Nikamwambia sijui, hata mimi namtafuta.