Gari Gani Limbebe Mama

Juzi msibani Itetemia nimekuta ndugu wawili wanabishana nani abebe jeneza la mama yao mpaka kwao Goweko. Mkubwa ana Pijo 504, mdogo ana Landrova 109. Zote za zamani, wamezing'arisha, wanazikodisha kwa maharusi.

"Pijo ni laini, mama hatatikisika," mkubwa akasema. "Hiyo yako ngumu kama toroli."

"Jeneza utalikunja kwenye buti, kaka? Yangu ndefu nyuma, na lile tope la njia ya kwetu inapita."

"Inapita inahema. Na mafuta inavyobugia?"

Dada yao akatoka ndani, kashika kanga mkononi. Hakupaza sauti. "Mama alipozidiwa niliwapigia wote. Kaka, ukasema kabureta imekufa. Na wewe mdogo wangu, eti huna breki. Nikampakia bodaboda, nikamfunga na kanga hii mgongoni kwa dereva asianguke."

Mkubwa akaanza kufuta vumbi kwenye boneti. Vumbi lenyewe halikuwepo.

Siku hizi kijiweni wakiniuliza kati ya Pijo na Landrova ipi kali, nawajibu kali ni ile pikipiki. Ilipoitwa, ilikuja.