Upande wa Pili wa Kaseti ya Mama Nuh

Msiniambie eti muziki ule ni wa mashetani. Imamu kaniambia, mchungaji kaniambia, hata mke wangu Margaret aliziba masikio akakimbilia kwa jirani. Shetani kwenye habari hii ni mimi, Mwaringa wa Wenje, fundi redio wa Garsen.

Ilikuwa mwanzo wa tisini na nane. Mvua za El Niño zilikuwa zimelila shamba langu lote, migomba na mahindi, barabara imekatika, chakula tunaletewa na helikopta. Fundi wa helikopta hiyo, Mzungu mwenye nywele hadi kiunoni, akaniletea wokimeni yake, ile redio ndogo ya kaseti ya masikioni, niitengeneze. Nilipomaliza nikaijaribu. Yesu wangu! Magitaa yanakoroma chini kabisa, ngoma zinakimbizana, na mtu ananguruma kutoka tumboni kama kiboko aliyegongwa na mtumbwi. Mzungu akacheka. Akanieleza kwamba hiyo ni deth metali: bendi changa, albamu mpya, lakini wanapiga ile ya kizamani, ya miaka kumi nyuma, bila madoido. Dakika thelathini na nane tu.

Niliipenda, sifichi. Kila mtu alikuwa akiniambia shukuru, Mwaringa, uko hai. Yule jamaa anayenguruma peke yake ndiye aliyekuwa na hasira kama zangu. Nikamwomba Mzungu niinakili. Akasema sawa, ila alasiri anaruka.

Kaseti tupu, Garsen nzima hakuna. Mezani palikuwa na moja tu, ya Mama Nuh.

Huyu Mama Nuh, Hawo, ni Muorma, watu wa ng'ombe. Mwanawe alikuwa amekwenda na ng'ombe mbali, na kwa kuwa mama hajui kusoma, alimtumia barua ya kaseti, kama walivyofanya wengi siku zile. Kisha homa iliyofuata mafuriko ikamuua Nuh, na ng'ombe karibu wote. Utepe ulipokatika, mama akaniletea niuunge. "Mwaringa, hii ndio mtoto yangu," akaniambia. "Chunga."

Niliuunga. Upande wa kwanza una salamu za Nuh, mzima kabisa. Nikageuza wa pili: ng'ombe tu. Wanakunywa maji, wanalia, kengele zinagonga, mtu anapiga mluzi. Nikasogeza mbele kidogo, ng'ombe. Mimi ni mtu wa jembe. Nikasema kijana alisahau kuzima redio. Nitarekodi hapa, barabara ikifunguka ninunue kaseti nihamishe. Nuh alikuwa amekivunja kile kipande cha plastiki cha juu ili pasirekodiwe kitu kingine. Nilikiona. Nikaziba tundu kwa karatasi ya sigara, nikabonyeza.

Mama akaja kabla ya barabara kufunguka. Akasikiliza salamu, ametulia, halafu akaniambia geuza, ile yenyewe iko nyuma. "Nuh nanywesha ng'ombe, naita moja moja, Dimtu, Gurati, wote. Mimi najua kila moja kwa sauti yake." Nikageuza. Kiboko akanguruma.

Ningesema pale pale. Haki ya Mungu, mdomo niliufungua. Nikajisikia nasema, "Ni maji, Mama Nuh. Maji ya mafuriko yaliingia kwenye utepe."

Akaitazama redio weee. "Kosa yangu," akasema. "Mimi naweka chini ya kitanda." Akaniomba msamaha. Mimi! Na mjinga mimi nikamwonya asiisogeze mbele kwa kasi, kile kiungo kitakatika. Hilo peke yake lilikuwa kweli. Akaifunga kwenye leso, akaenda zake.

Tangu siku hiyo muziki ule sikuuweza tena. Mzungu alirudi akanipa kaseti yake bure. Ikakaa kwenye droo.

Mto ulipopungua nikarudi Wenje kupanda mahindi. Boma la Mama Nuh halikuwa mbali, nikajikaza nikaenda, safari hii niseme kweli. Kabla sijabisha hodi nikaisikia nje: magitaa, ngoma, kiboko. Mama ameketi mkekani, redio mapajani, saa sita mchana.

"Kaa, Mwaringa," akasema, akanimiminia maziwa. "Ngoja kidogo. Maji naisha sasa hivi."

Sikumwelewa. Halafu nikakumbuka. Albamu dakika thelathini na nane, upande wa kaseti arobaini na tano. Na kwa kuwa nilimkataza kusogeza mbele, mama huyu kila siku alikuwa akikaa na kelele zangu mwanzo hadi mwisho.

Ngurumo ikakatika. Kengele zikaanza, na mluzi. Mama akainua kidole.

"Dimtu," akasema, uso wote unacheka. "Umesikia? Maji hakumaliza yote."

Nikanywa maziwa yake, nikaondoka na uongo wangu.