MGB na Triumph TR6 kwenye kona za Mukuyuni hadi Salama: mama mkwe alivyonifundisha kupima gari

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, mama mkwe wangu alichukua ufunguo wa MGB mezani akatoka nje bila kuaga.

Wakuu, salamu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na aibu ni yangu.

Marehemu mume wake aliacha magari mawili ya michezo ya Kiingereza pale nyumbani Mukuyuni. MGB, injini ya lita 1.8, silinda nne. Triumph TR6, lita 2.5, silinda sita. Yote yana viti viwili na paa la turubai.

Kutunza mawili kumemshinda, kwa hivyo moja lilikuwa linauzwa. Mnunuzi wa Nairobi alikuwa anakuja mchana huo huo. Mama aliniachia uamuzi, kwa sababu nimejifunza injini kwa kusoma na kufungua. Alisema hataki gari libaki kwa huruma.

Nilifika kutoka Kabati siku iliyotangulia nikapima kwa utaratibu. Upepo wa tairi sawa, mafuta sawa, mlima ule ule.

TR6 ilishinda wazi. Inavuta kutoka chini, hata gia ya tatu haichoki. MGB unaibembeleza na gia mpaka juu.

Nikamweleza Mama nikiwa uani, yeye akiwa mlangoni mwa jikoni. Kwa Wakamba, mkwe na mama mkwe hawakaribiani hivi hivi. Tunaiita nthoni, yaani heshima ya kuoneana haya. Kukaa naye bega kwa bega kwenye gari la viti viwili ni jambo ambalo halifikiriki.

"TR6 ibaki, Mama. MGB iende."

Akafuta mikono kwa leso.

"Baba Mutheu, hizo gari umezipima ukipanda. Ukishuka je?"

Nikamwambia ukweli: kushuka nilikwenda polepole, nikiogopa breki za zamani.

"Basi umepima nusu. Leta hiyo TR6 yako nyuma yangu, twende mpaka Salama."

Ndipo akachukua ufunguo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Hukujua? Baba alikuwa akisinzia, Mama anaendesha."

Kwenye sehemu zilizonyooka nilimkaribia vizuri. Silinda sita si mchezo.

Kisha barabara ikaanza kuteremka kwa kona.

TR6 ni nzito. Ukikanyaga mafuta, mkia unachuchumaa na pua inainuka. Ukiachia katikati ya kona, gari linakuyumbia. Nilikuwa nafunga breki kila kona.

Mbele yangu MGB ilikuwa imetulia kama imeshonwa kwenye lami. Mama alipunguza mapema, akageuza usukani mara moja tu, akatoka. Taa zake za breki niliziona mara chache. Baadaye sikuziona kabisa, kwa sababu yeye mwenyewe sikumwona.

Pale Salama nilimkuta ameegesha kando ya vibanda, amesimama upande wa pili wa gari, leso imekazwa kiunoni.

"Nilidhani umesimama kununua vitunguu," akasema, akiangalia barabara.

"Gari langu zito, Mama."

"Si ulisema ndilo zuri?"

Alikuwa ameweka kiganja juu ya bonneti, na hapo nikaelewa jinsi nilivyokaribia kumnyang'anya gari lake.

"MGB ibaki," nikasema.

"Kwa huruma?"

"Kwa kona."

Akaingia garini akawasha.

Nilichojifunza, wakuu: nguvu ya injini ni nusu ya habari. Pima gari likipanda na likishuka, na kabla ya kutoa hukumu muulize atakayeliendesha.

Wenye TR6, mnafanyaje na ule mkia kwenye mteremko? Nisahihisheni bila kunionea huruma.

Mnunuzi alikuwa amekuja na hamu ya MGB. TR6 aliichukua, lakini kwa bei ya chini kuliko tuliyotarajia. Hasara ya familia: shilingi laki moja na elfu themanini.