Matairi ya Njia ya Machimboni

Wateja wake walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na kwa sababu kazi yake ilikuwa vyerehani. Si kwamba alishona. Kushona hata kifungo kulimshinda. Yeye alitengeneza. Cherehani kilichokata uzi, kilichoruka mshono, kilichopiga kelele kama mtu anayetafuna changarawe, alikifungua, akakisafisha, akakitia mafuta, kisha akapanda pikipiki kwenda kwa mteja mwingine. Nyumbani hakuwa Sindano. Nyumbani alikuwa Baba Pacha, baba wa mabinti wawili waliozaliwa siku moja, wakaolewa mwaka mmoja, wakawaachia wazazi wao nyumba ya vyumba vitatu ambayo ghafla ilikuwa na mwangwi.

Mama Pacha alikuwa mlezi katika shule ya chekechea. Kila asubuhi mumewe alimpakia nyuma ya pikipiki, akamshusha getini, naye akaendelea na safari zake. Walikuwa wamesafiri hivyo tangu ujana, pikipiki baada ya pikipiki, hata majirani walisema hao wawili wangepimwa urefu ingebidi wapimwe wakiwa wamekaa.

Asubuhi moja kulikuwa na manyunyu, yale yasiyomlowesha mtu lakini yanayoifanya lami ing'ae. Walipoingia kwenye mzunguko wa barabara, tairi la nyuma liliteleza kama kipande cha sabuni kwenye sinki. Hawakuwa wanakimbia. Pikipiki ililala ubavu taratibu, karibu kwa adabu, na Mama Pacha akajikuta ameketi kwenye ukingo wa nyasi, mkoba wake umefunguka na kutapika kila kitu. Sindano aliinuka, akanyanyua pikipiki, akazima injini, akafunga petroli, akaisogeza kando ya barabara. Kisha akamwendea mkewe na kumuuliza kama ameumia. Mama Pacha akajibu kuwa ni mzima. Aliokota vitu vyake, akakung'uta sketi, akasema shule haiko mbali, atamalizia kwa miguu.

Siku iliyofuata alitoka mapema akaenda kwa miguu pia. Na iliyofuata. Alisema mwili unahitaji mazoezi. Hakununa. Chai iliwekwa mezani kama kawaida, mashati yalipigwa pasi, salamu zilijibiwa. Lakini Sindano alikuwa ameishi na mwanamke huyo muda wa kutosha kujua kwamba akikasirika kwa sauti, jua halizami kabla hajasahau. Akitulia, hapo ndipo pana kazi.

Alifikiri ameelewa. Aliipeleka pikipiki kwa fundi wake, akamwambia mama watoto amepata hofu. Fundi alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akapitisha kiganja juu ya tairi.

"Hiki ni kipara," alisema. "Na tazama pembeni. Meno ya pembeni mapya kabisa, katikati hamna kitu. Hili ni tairi la matope, wewe umelitembeza kwenye lami mpaka limekwisha. La mbele nalo liko njiani."

Jumamosi Sindano alitangaza kwamba anakwenda kununua matairi, yote mawili. Mama Pacha alisema na yeye ana safari ya sokoni, njia ni moja, lakini hakutaka kupanda. Kumwacha nyuma mkewe aonekane anatembea peke yake hakuweza. Basi akaisukuma pikipiki kwa mikono, bega kwa bega naye. Njia nzima watu walimpa pole kwa kuishiwa petroli. Aliitikia kila mmoja ahsante, maana kueleza ukweli kungekuwa kurefu zaidi.

Duka la matairi lilikuwa chumba kirefu chenye harufu nzito ya mpira. Matairi yalining'inia darini, mengine bado yamezungushiwa karatasi. Mwenye duka alikuwa mama mnene wa sauti ya chini, ambaye madereva wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alilitazama tairi kuukuu, akauliza swali moja tu.

"Unapita wapi zaidi, kaka?"

Hapo Sindano alinyooka mgongo. Akaeleza njia ya machimboni: kile kilima cha udongo mwekundu, makorongo yanayobadilika kila mvua, mawe yaliyoachwa na malori. Akaeleza washonaji wa kule juu, wake wa wavunja mawe, waliokuwa na vyerehani vya zamani kuliko wao wenyewe. Alisema masika yakishika hakuna fundi mwingine anayefika, ni yeye tu. Alieleza vizuri, kwa sababu alikuwa amekwisha kueleza mara nyingi. Shangazi akanyoosha mkono kulitungua tairi lenye meno makubwa.

"Mara ya mwisho ulipanda kile kilima lini?" Mama Pacha aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa sauti ile anayoitumia kwa mtoto anayetafuta kiatu alichokivaa. Sindano alihesabu nyuma. Alikumbuka kupanda akiwa na kitambaa cha sare za harusi ya mabinti, akiwapelekea washonaji. Na baada ya hapo? Baada ya hapo machimbo yalifungwa, watu wakahama mmoja mmoja kufuata riziki. Kazi zake sasa zilikuwa kiwanda kidogo cha sare za shule, duka la mapazia, chuo cha ushonaji nyuma ya posta. Lami tupu. Tangu harusi ile alikuwa amebadilisha tairi la nyuma mara kadhaa, na kila mara alinunua lilelile la kupandia kilima ambacho hakukipanda.

Shangazi alikuwa bado amenyoosha mkono hewani. Aliwatazama wote wawili, akaushusha.

"Nilikuwa napita," Sindano alisema hatimaye. "Sasa napita mjini tu."

Sentensi fupi namna hiyo, lakini ilimtoka kama msumari unaong'olewa kwenye mti mkavu. Mtu anaweza kukubali mvi zake kwenye kioo, akakubali miwani, akakubali hata kuitwa babu na wauza vocha, halafu akakwama kwenye mpira wa pikipiki. Yale meno makubwa ndiyo yalikuwa yakisema kwamba yeye bado ni yule mtu anayefika wengine wasikofika. Hakuwahi kulitafakari hilo. Alidhani ananunua tairi.

Shangazi akawaonyesha ya lami. Lilikuwapo moja kwenye kioo cha mbele cha duka, linang'aa, na Sindano akalipenda. Shangazi akamgeuzia ubavuni, palipopigwa mhuri wa tarehe ya kutengenezwa, akasema lile limekaa juani mpaka mpira umekakamaa, yeye analiacha pale kama pambo. Akaleta mengine mawili yaliyokaa gizani. Moja mpira wake mgumu, unadumu, lakini kukinyesha haung'ang'anii barabara sana. La pili mpira laini, linashika vizuri kwenye maji, ila linalika haraka. Atalirudia duka mapema.

Maisha yake yote Sindano alichagua kinachodumu. Alibonyeza lile gumu kwa kidole gumba, akabonyeza na laini. Akamtazama mkewe, kama vile kumwomba jibu. Mama Pacha alikuwa akisoma bango la vilainishi ukutani kwa umakini ambao bango lile halikuustahili.

"Nipe laini," Sindano alisema. "Mbele na nyuma."

Vijana wa gereji ya jirani walichukua pikipiki kwenda kuyafunga. Mume na mke waliketi kwenye benchi nje ya duka, wakisikia nyundo ikigonga rimu. Mama Pacha ndiye aliyeanza.

"Unajua kwa nini natembea."

"Kwa sababu ya tairi."

"Baba Pacha, mimi na wewe tumeanguka mara ngapi? Tulianguka nikiwa na mimba ya wale mabinti, na kesho yake nikapanda. Tairi ni mpira tu." Aliukunja mkanda wa mkoba wake, akaukunjua. "Ulinyanyua pikipiki kwanza."

Sindano alikuwa na jibu. Petroli ilikuwa inavuja, injini ilikuwa inanguruma, nyuma yao magari yalikuwa yanakuja. Yote yalikuwa kweli. Aliyapanga mdomoni, na kadiri alivyoyapanga ndivyo yalivyozidi kukosa ladha.

"Nilikuwa nimekaa pale kwenye nyasi," mkewe aliendelea, "nikakuona unafuta kioo cha pikipiki."

Hilo la kioo hakulikumbuka. Lakini alijifahamu, alijua mkono wake ungeweza kufanya hivyo bila kumwomba ruhusa. Alijiona kama alivyoonekana kutoka kule chini kwenye nyasi: mtu mwembamba, anafuta tope kwenye kioo kwa kiwiko cha shati lililopigwa pasi na yule aliyekaa anamtazama. Aibu ilimpanda taratibu mpaka masikioni.

"Ni kweli," alisema. "Nilikosea. Nisamehe, mke wangu."

"Nimekwisha kusamehe. Ningekuwa sijasamehe nisingekuja. Nilitaka tu ujue nilichokiona."

Nyundo ilinyamaza, upepo ukajazwa, na pikipiki ikarudishwa ikiwa na miguu mipya. Shangazi aliwaonya kuwa tairi jipya lina utelezi wa kiwandani. Waende polepole, bila breki za ghafla wala kulaza pikipiki kwenye kona, mpaka ule mng'ao uishe. Mama Pacha alivaa kofia yake, akafunga mkanda chini ya kidevu, akapanda. Mwanzoni alishika chuma cha nyuma. Kwenye tuta la pili akahamisha mikono kiunoni kwa mumewe.

Walikwenda polepole mno, hata muuza mayai wa baiskeli akawapita, akawageukia kwa huruma. Kwa kasi ile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, Sindano alimsikia mkewe wakiwa barabarani. Zamani maneno yote yalichukuliwa na upepo, naye akawa anaitikia tu "eeh" bila kujua ameitikia nini. Sasa alisikia kila kitu: habari za mtoto wa chekechea aliyekataa katakata kuitwa mtoto, habari za bomba la jikoni, na kwamba soko wamelipita muda mrefu na yeye hakununua kitu.

Wiki ile Sindano alipiga simu machimboni. Aliona si uungwana kuwaacha washonaji wale wakimngoja masika. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokewa na mama aliyechukua muda kumtambua, kisha akafurahi sana. Alimweleza kwamba waliobaki kule juu wana fundi wao siku nyingi, ni mkwe wake, anaishi hapohapo. "Tulijua umechoka, fundi wetu," mama yule alisema, "tukaona tusikusumbue." Sindano alimshukuru, akamwomba amsalimie mkwe. Akaketi na simu mkononi. Alipomsimulia mkewe jioni, Mama Pacha aliziba mdomo kwa kiganja, akajitahidi kwa heshima ya mume, akashindwa. Ilichukua muda mpaka Sindano naye akacheka, na kicheko chake hakikuwa kirefu.

Tangu hapo Mama Pacha amerudi kupanda, lakini si kila siku. Katika asubuhi zile za kutembea alikuwa amepata shoga, muuguzi mmoja anayekwenda kazini kwa miguu, na mazungumzo yao hayajaisha. Siku ambazo amepangana naye, anamwambia mumewe usiku kabla ya kulala, basi. Sindano hamuulizi sababu. Anatoka baada yake, na akiwafikia kando ya barabara anapunguza mwendo, anapiga honi mara moja. Wanawake wale hawageuki; wako katikati ya habari. Mkewe ananyanyua mkono tu, naye anapita.