Chumba cha Ng'ambo ya Korongo

Rhonda Deguara aliendesha treni ya miwa, na kazi hiyo haimtaki mtu mwenye pupa. Mabehewa yakishajaa miwa hayasimami kwa sababu wewe umetaka yasimame. Unaanza kufikiria breki wakati wengine hata barabara hawajaiona. Rhonda alikuwa hivyo katika kila jambo la maisha yake. Alikuwa mzito wa kuamini, mzito wa kucheka, na akishashika neno lake humng'oi.

Kwa hiyo pale Mackay, mji wa miwa huko Australia, watu wa rika lake walipoanza kuwehuka kwa habari za Tarion Mpya, yeye aliendelea kunywa chai yake.

Tarion ilikuwa mashine ya gemu ya utoto wao. Sanduku jeusi lenye mdomo juu wa kumeza kaseti, padi mbili zenye nyaya fupi zilizowalazimisha watoto kukaa sakafuni karibu na televisheni, na kila nyumba ilijua dawa yake: kaseti ikigoma, itoe, ipulize kwa nguvu, irudishe. Kampuni yake ilikufa zamani. Sasa watu wengine walikuwa wamelinunua jina na kutangaza kwamba wanalifufua sanduku lilelile, tena litameza kaseti zilezile za kale. Tarehe ya kutoka ilitajwa, ikasogezwa, ikatajwa tena. Wazee wenye mvi na vitambi wakawa wanahesabu siku kama watoto wanaongoja Krismasi, na wengine wenye mvi na vitambi vilevile wakawa wanawacheka.

Muumini mkubwa kuliko wote alikuwa Clem Tass, fundi wa injini pale kiwanda cha sukari, aliyecheza Tarion tangu hajaota meno ya mbele. Kila wakati wa chai alikuja na habari mpya.

"Safari hii ni kweli, Rhonda. Wameonyesha video."

"Hata mimi nikikupiga picha na pampu mkononi utaonekana unafanya kazi."

"Inasoma kaseti za kale. Kaseti zenyewe, mama wee."

"Clem, umeshauziwa mbuzi kwenye gunia mara ngapi? Na bado unapapasa gunia."

Watu wa karakana nzima wakacheka, na Clem naye akacheka, maana alikuwa hana kinyongo hata chembe. Lakini neno lile la kaseti lilimwingia Rhonda akalala nalo. Alikuwa na kaseti moja, ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati lake, na hakuna aliyejua kwamba anayo.

Nayo ilikuwa na kisa chake.

Rhonda alipokuwa msichana wa miaka kumi na minne, mdogo wake Paulie aliugua saratani ya damu. Majira yale ya baridi mtoto hakuruhusiwa kwenda shule wala kucheza nje, kwa hiyo dada mtu alirudi kutoka shule moja kwa moja wakakaa pamoja mbele ya Tarion. Waliipenda gemu moja kupita zote, Mchimba Mwezi: kijitu chenye kofia ya chuma kinachimba kushuka ndani ya mwezi, kikikwepa mawe na minyoo. Mwisho wa kiwango cha saba kulikuwa na korongo pana, na ng'ambo yake kibaraza cha mwamba. Kila mtoto wa Mackay alijua kwamba kibaraza kile ni pambo tu. Hakifikiki.

Siku moja Rhonda alikifikia. Aliruka kutoka ukingoni kabisa, akashika, akapita kwenye mwamba kama vile haupo, na wakajikuta ndani ya chumba ambacho hakuna mtu aliyewahi kukizungumza. Dunia ilikuwa inachomoza. Paulie alimwita mama yao aje aone, na mama yao, Carmena, alikuwa jikoni anakaanga maandazi ya dagaa, mafuta yamechemka. Alisema nakuja. Alipokuja akifuta mikono, umeme ulikuwa umekatika, kama ulivyozoea kukatika upepo ukivuma, na watoto wake wawili walikuwa wanapiga kelele mbele ya kioo cheusi.

Hawakupata nafasi ya kurudia. Paulie alilazwa juma lile na hakurudi nyumbani. Baada ya maziko Carmena aliibeba Tarion akaipeleka kwenye gulio la kanisa, wala hakutaka kuisikia tena. Rhonda alibaki na kaseti kwa sababu aliificha ndani ya soksi.

Miaka ikapita, na chumba kile kikaanza kukataliwa. Rhonda alipowasimulia wenzake walimwambia ameota. Intaneti ilipofika, mabingwa wa Japani na Amerika walikuwa wameshaichambua gemu ile mpaka mifupani na kutoa hukumu: korongo la kiwango cha saba halirukiki. Akajaribu kubisha, akajibiwa na mtu asiyemjua kwamba wazee wapumzike. Mara tatu zilipotoka mashine ndogo za kuiga Tarion, zenye gemu zilizopakiwa ndani, alizinunua kwa siri. Mara tatu kijitu chake kilianguka korongoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana sasa alikuwa anakunywa chai na kumcheka Clem.

Aliyemkana kwa ukali zaidi alikuwa mama yake mwenyewe. "Mtoto alikuwa na homa," Carmena alizoea kusema, "na wewe ulikuwa unamfurahisha." Rhonda alikasirika miaka mingi kabla hajaelewa. Kama chumba hakikuwepo, basi mama hakukosa kitu siku ile kwa kubaki na kikaango chake. Kama kilikuwepo, basi kipo kitu ambacho mwanawe alitaka kumwonyesha, akamwita, naye akachelewa.

Kwa hiyo Rhonda aliogopa pande zote mbili. Kisipokuwepo, yeye ni mwongo na ile siku yake nzuri kuliko zote pamoja na Paulie ni uzushi. Kikiwepo, atakuwa amemchoma mama yake moyoni. Mwanamke anayesimamisha tani na tani za miwa kwa mkono mmoja alishindwa kulishusha kopo la biskuti kabatini.

Tarion Mpya ikatoka kweli. Clem alipokea yake, hakuifungua peke yake, na Jumapili moja akatokea nyumbani kwa akina Deguara baada ya misa, sanduku kwapani, uso unang'aa. Ilikuwa kilele cha msimu wa miwa. Majivu ya mashamba yaliyochomwa yalikuwa yanatua kwenye nguo zilizoanikwa, na Carmena, aliyekuwa amepita themanini, alikuwa anayalaani kwa Kimalta, lugha ya wazazi wake, huku akizianua. Alimkaribisha Clem, akampa pastizi, vile vitafunio vya Malta vya unga na jibini, akauliza kilichomo sandukuni. Alipoambiwa, aliingia jikoni.

"Una kaseti yoyote?" Clem aliuliza. "Nimekuja na zangu, ila nilidhani tu."

Rhonda alisimama. Kisha akaenda chumbani, akapanda kwenye stuli, akalishusha kopo.

Clem alipoona jina la kaseti alipiga mluzi. Rhonda aliipuliza, ingawa Clem alisema mashine hizi za sasa hazihitaji kupulizwa, akaitia mdomoni mwa sanduku. Picha ikajaa televisheni kubwa ya ukutani, safi kuliko alivyowahi kuiona, muziki ukaanza, na mikono yake ikakumbuka. Alishuka kiwango kwa kiwango. Clem aliacha kutafuna. Wakafika kwenye korongo, Rhonda akajongea ukingoni kabisa, akaruka.

Kijitu kikaanguka.

Alirudia, kikaanguka. Akarudia tena na tena, na kila mara kilipungukiwa na upana wa kidole. Clem, mtu wa huruma, alijifanya anatazama dirishani. Kutoka jikoni Carmena alisema bila kugeuka, "Nilikuambia, binti yangu. Homa." Hakusema kwa kusimanga. Alisema kama mtu aliyetua mzigo.

Rhonda aliweka padi chini. Alitaka kulia na hakutaka kulia mbele ya fundi wa karakana. Akabaki amekaa, gemu ikiendelea kupiga muziki wake, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliusikiliza. Muziki ulikuwa na haraka. Ulikuwa unakimbia kama mtu anayechelewa basi. Akaitazama picha upya: ilikuwa imejaa juu mpaka chini, na kijitu kimekuwa kirefu na chembamba. Kijitu chao wakati ule kilikuwa kifupi na kinene; Paulie alikiita Kibuyu.

"Clem, huyu si wetu."

"Si wetu vipi?"

"Wetu alikuwa anatembea polepole. Na alikuwa mnene."

"Rhonda, kila kitu cha utotoni kilikuwa polepole. Hata mimi nilikuwa mwembamba."

Rhonda aliinama karibu na sanduku. Alinyoosha mkono akafanya jambo ambalo mtoto yeyote wa enzi za Tarion angepigwa kofi kwa kulifanya: aliichomoa kaseti gemu ikiwa inaenda. Kwenye mashine ya kale kila kitu kingekufa papo hapo. Kwenye hii, kijitu kirefu chembamba kiliendelea kutembea ukutani, na muziki ukaendelea kukimbia, na kaseti iko mkononi mwa Rhonda.

Clem alisimama. Akatazama kaseti, akatazama ukuta.

"Haiisomi," alisema taratibu. "Imesoma jina tu, halafu inatuchezea ya kwake. Ya Amerika."

Muumini alikuwa ameona sanamu lake likisemewa na mtu aliyejificha nyuma yake, na uso wake ulitia huruma. Lakini fundi ni fundi. Aliingia ndani ya mipangilio ya mashine, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, akinung'unika, na huku akimweleza Rhonda kitu alichokuwa amekisoma na kukipuuza. Televisheni za Australia zilichora picha chache kwa sekunde kuliko za Amerika na Japani. Gemu zikiletwa huku zilikwenda kwa kuchechemea, na juu na chini ya picha kulibaki ukanda mweusi uliozibana. Nchi nzima ilikulia kwenye gemu za polepole na hakuna aliyejua. Kampuni chache zilijaribu kufidia kwa kumpa kijitu mruko mrefu kidogo.

"Na pengine," Clem alisema, "waliomwongezea mruko hawakukumbuka kuongeza upana wa korongo."

Akakipata alichotafuta chini kabisa, mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki: mashine iache ya kwake, iicheze kaseti iliyomo. Rhonda akaipuliza tena kaseti, safari hii Clem hakusema neno, akairudisha.

Kanda mbili nyeusi zikatokea, juu na chini. Muziki ukaja mzito, wa kivivu, wa nyumbani, na Kibuyu akatokea mfupi na mnene vilevile. Rhonda aliteremka akakaa sakafuni, kama zamani. Alikuwa hajausikia mwendo ule tangu nyumba yao ilipokuwa na watoto wawili.

Alicheza, akishuka kiwango kwa kiwango. Jikoni maji yalikuwa yanatiririka, kisha yakafungwa. Alifika kwenye korongo, akasogea ukingoni mpaka nusu ya kiatu ikawa hewani, akaruka, na Kibuyu akaelea, akaelea, akashika kibaraza. Akapita kwenye mwamba.

Muziki ulikoma. Chumba kilikuwa kipana kuliko alivyokumbuka, na hilo ndilo lililomshangaza, maana mambo ya utotoni ukiyarudia huyakuta yamesinyaa. Hiki kilikuwa kimemngoja na ukubwa wake wote. Kulikuwa na bwawa lililotulia, na anga jeusi lenye nyota, na Kibuyu mwenyewe, bila kuguswa na mtu, akavua kofia yake ya chuma akaiweka kando. Kisha dunia ikaanza kuchomoza nyuma ya bwawa, ya buluu, pole kwa pole kwa mwendo wa televisheni za Australia, ikizunguka, mpaka ikajaza anga na mwanga wake ukaenea sebuleni. Kumbe kuna mtu mahali fulani alikaa akachora haya yote, akayafungia nyuma ya ukuta usiopitika, na katika nchi zote za ulimwengu mlango ukaja kufunguka hapa kwao tu, kwa bahati. Clem alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu," alisema. "Rhonda. Mungu wangu."

Rhonda hakuwa anamtazama Clem. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono inatiririka maji, mwanga wa buluu usoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. 

"Ndiyo hii aliyoniitia?" Carmena aliuliza.

"Ndiyo hii, Mama."

Kikongwe yule alitazama muda mrefu. Dunia ilikuwa imefika juu kabisa na inaendelea kuzunguka, na hakuna kitu kilichotishia kuizima.

"Alikuwa amekaa upande gani?"

Rhonda alionyesha sakafuni, kushoto kwake. Clem aliruka kuvuta kiti, lakini Carmena alimpungia mkono akae. Akafuta mikono kwenye aproni, akashika bega la binti yake, goti moja, kisha la pili, akajishusha taratibu mpaka chini, akakaa.