Miguu ya Kodiani ya Baba

Enzi zetu kule Nyeri, Jumamosi alasiri ilikuwa ya kodiani. Baba aliitoa kwenye sanduku chini ya kitanda, akaipangusa vumbi, kisha akakaa kwenye kigoda pale uani. Mimi nilipewa karing'aring'a, kile chuma cha duara cha kugongea mapigo, na mikono yangu ilikuwa bado inanuka moshi wa githeri, mahindi yetu na maharagwe. Majirani walikuja wawili wawili kucheza mwomboko: hatua mbili, unainama, hatua mbili, unainama. Vijana wa leo wanaoruka mbele ya simu hadi jasho linawatoka wangetucheka, lakini sisi tulijua jina la kila tuliyecheza naye.

Baba alikuwa na tabia moja. Hakuwahi kupiga kama hakuna anayecheza. Mama akienda sokoni, tulimbembeleza mpaka tukachoka, naye alijibu tu, "Mpaka nione miguu." Miguu aliyopenda kuitazama ilikuwa ya Mama. Alimtungia wimbo wakati akimchumbia, na wimbo huo haukuwahi kurekodiwa popote.

Mama alipofariki, kodiani ilirudi sandukuni. Nilipomleta Baba hapa ughaibuni, Wheaton, kututembelea, nilimwambia aibebe, naye akaibeba. Jirani yetu Walt, mzee anayepiga polka, muziki wa kodiani wa Wazungu, alikuwa akitengeneza albamu na wageni wake, wengine wa polka na wengine waimbaji wa country. Baba alisikia kodiani ng'ambo ya ua akatoka kwenda kusikiliza. Walielewana kwa vidole, maana Kiingereza cha Baba ni kidogo. Wiki ya pili Walt akamwomba wimbo mmoja wa albamu, na Baba akachagua ule wa Mama.

Walirekodia kwenye chumba cha chini ya nyumba ya Walt, siku moja kabla ya Baba kurudi Kenya. Walimvisha spika za masikioni, wakamkalisha akitazama ukuta. Akaanza, akakwama. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alishusha mikono, na Walt akasema kwa upole kwamba si lazima. Niliumia sana. Nilijua akipanda ndege bila kuupiga, wimbo ule utazikwa naye.

Ndipo nikakumbuka. Nilivua viatu vyangu vya kazini, nikamgeuza Baba atutazame, nikamshika mkono binti yangu wa pili, Wambui, niliyekuja naye, aliyepewa jina la Mama kama desturi yetu inavyotaka.

"Mum, I don't know how to dance that," akaninong'oneza.

"Hatua mbili, unainama. Basi. Guka anakuangalia," nikamjibu, nikimwita Baba kwa neno letu la babu.

Baba alitazama miguu yetu, akavuta pumzi, akaanza. Safari hii hakukwama. Wambui alijitahidi, ila pale wimbo unapokata kona aliongeza hatua ya tatu, na kiatu chake kikakwaruza sakafu. Baba alitabasamu akaendelea hadi mwisho. Nililia huku nikiinama.

Albamu imetoka. Siku hizi kila mtu nyumbani kwangu ana muziki wake masikioni, na tunaweza kukaa kwenye kochi moja tukiwa kwenye nyimbo nne. Enzi zetu wimbo ulikuwa mmoja, na uwanja mzima ulikuwa ndani yake. Natamani watoto wangu wangeuona uwanja ule.

Kabla albamu haijatoka, Walt aliniuliza kama aufute ule mkwaruzo, kwa kuwa unasikika wazi. Nikampigia Baba simu Nyeri, nikamwekea kipande hicho akisikilize. Aliomba nikirudie.

"Mwambie auache," akasema. "Mama yako alikuwa anakosea hapo hapo."